Mzaliwa wa Ruyigi

"Umezaliwa wapi?"

"Ruyigi," Pasikali akajibu.

"Umejibu haraka mno, jirani. Mtu aliyekimbia kwao hujifikiria kwanza."

Pasikali akajaribu tena. Akatazama chini kwanza, kisha akasema Ruyigi kwa sauti ndogo. Niyonkuru akaridhika, akaendelea kumenya mihogo yake. Wiki nzima mama huyu alikuwa akimfundisha jirani yake namna ya kuwa Mrundi: majina ya vilima vya huko Ruyigi, Burundi, kusalimia kwa neno amahoro, yaani amani, kuvuta mwisho wa neno. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kiha, lugha ya Pasikali, na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mtu wa pwani hawezi kuvitenganisha hata ukimpa mwaka.

Na mwenye fomu za kuandikisha vikundi alikuwa mtu wa pwani. Twalibu, afisa utamaduni, alipanda kijijini kwao, Heru Juu, mwezi Septemba, mwaka tisini na saba, na habari tamu: serikali imetenga fungu la wasanii. Mjini Kasulu kutakuwa na Tamasha la Ujirani Mwema, na kikundi kitakachopendeza kitapata ngoma mpya, banda la bati la kufanyia mazoezi, na safari ya Dar es Salaam. Ila fungu la ngoma za Waha, alisema bila kupepesa macho, liliisha mwaka jana. Mgeni rasmi na wafadhili wanataka kuwaona Warundi wanaoishi vijijini wakicheza kwa amani.

Kikundi cha Pasikali kilikuwa na watu tisa, Waha watupu, ambao babu zao wamezikwa hapo hapo Heru Juu. Kwa miaka kumi na tano walipiga ngoma kila alipokuja mkubwa. Walikipigia chama kilipokuwa kimoja, na vyama vilipokuwa vingi wakavipigia vyote. Walichoambulia ni soda na makofi. Ngozi za ngoma zilikuwa zimechanika na kushonwa hata zikatoa sauti ya debe, na wawili kati yao walishasema wanarudi shambani moja kwa moja. Pasikali aliona wazi kwamba asipolipata banda lile, kikundi kitakufa kabla yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

"Mahali pa kuzaliwa tuandike Ruyigi, wote," akawaambia wenzake. Wakaandika.

Mwenyekiti wa kijiji alijua kila kitu. Alicheka, akagonga muhuri, kwa kuwa naye alikuwa ameahidiwa kiti meza kuu.

Katika mchezo wote ule, aliyezaliwa Ruyigi kweli alikuwa Niyonkuru peke yake. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili. Pasikali alimsihi aingie kikundini kama mwimbaji, akakataa katakata.

"Kukufundisha nitakufundisha," alisema. "Lakini jina langu usiliweke kwenye karatasi ya mtu."

Alipoulizwa sababu alisema hana, ni mazoea tu ya kwao.

Siku ya tamasha ikafika. Uwanja ulijaa watu wa soko la Kasulu, watu waliomuuzia Pasikali chumvi na kununua maharage yake. Mmoja tu akipaza sauti kwamba huyo ni Pasikali wa Heru Juu, basi, banda limekwenda na aibu imebaki. Waliingia ngoma kichwani kama Warundi, wakaimba wimbo alioutunga Twalibu, wa kumwambia jirani kwamba hapa ni kwake, asiogope kitu. Mgeni rasmi aliinuka akacheza. Wapiga picha wakasogea. Akamshika Pasikali bega na kumuuliza mbele ya watu amezaliwa wapi.

Pasikali akajifikiria kwanza. "Ruyigi."

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huruma. Hakuna aliyepaza sauti. Njia nzima ya kurudi Pasikali alikuwa akicheka peke yake kwa furaha, maana walikuwa wamemwamini.

Wiki mbili baadaye lori lilipanda Heru Juu asubuhi. Wapiga ngoma tisa walikwishajipanga barabarani na mavazi yao ya tamasha, wakiamini ni lori la kuwapeleka Dar es Salaam. Pasikali alipowaona askari ndani ya lori aliona ni heshima wanayopewa wasanii wa serikali. Afande akasoma majina kutoka kwenye fomu, na kila mmoja akaitika kwa nguvu.

"Ngoma acheni," afande akasema. "Kambini hakuna nafasi."

Ndipo walipowaona watu walioketi nyuma ya lori na magodoro na kuku wao. Amri ilikuwa imetoka: kila Mrundi anayeishi kijijini apelekwe kambi ya wakimbizi. Pasikali akasema yeye ni Muha. Afande akamwonyesha saini yake na muhuri wa mwenyekiti. Mwenyekiti akatafutwa, ikasemwa ameshuka hospitali ya Kabanga. Pasikali akaanza kuapa kwa Kiha, akataja makaburi ya babu zake moja baada ya jingine huku akilia.

"Kirundi chako kimenyooka, mzee," afande akasema.

Kando ya barabara alisimama Niyonkuru, jembe begani, binti yake Jeanne akiwa ameshika kanga ya mama yake. Pasikali akamwonyesha kwa kidole. Muulizeni huyu, alisema, huyu ananijua.

Afande akamgeukia. "Mama, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, Heru Juu," Niyonkuru akajibu haraka.

"Na huyu?"

Niyonkuru akajifikiria kwanza.

"Ruyigi," akasema.