Sakafu ya Kioo

Siku ya ufunguzi wa jumba jipya la makumbusho, Ngowa, msanifu aliyelichora, alimshika mkono mama yake, Mbodze, wakaingia pamoja. Njia ya kwenda ndani ilikuwa moja tu: sakafu ya kioo. Chini yake, katika shimo lenye taa, vililazwa vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwasimamia wafu wa ukoo.

Mbodze aliinama, akakitambua cha mumewe kwa ufa wa begani. Alikuwa amekubali king'olewe kijijini baada ya mwanawe kumwambia kuwa kwenye makumbusho baba yake ataheshimiwa na watu wote.

"Pita, Mama. Kioo hakivunjiki."

"Sijauliza kama kinavunjika. Baba yako alikuwa amesimama. Nani amemlaza?"

"Ndivyo anavyoonekana vizuri, Mama. Mgeni akitazama chini, anapunguza mwendo. Ananyamaza mwenyewe."

"Ananyamaza, na kiatu chake kiko usoni mwa baba yako."

Wageni waliwapita wakicheka, visigino vikigonga kioo. Mbodze aliuachia mkono wa mwanawe, akarudi kusimama mlangoni.

Kutoka upande wa pili wa sakafu, mkuu wa makumbusho alimwita Ngowa akate utepe. Akaenda, akikanyaga polepole kama mtu anayepita chumbani kwa mgonjwa. Alipofika juu ya baba yake akasita, mguu mmoja hewani, mama akimtazama kwa nyuma, na mbele yake watu wakaanza kupiga makofi.