Doa Kwenye Sahani Tupu

Mama Sahani, kama walivyomwita maabarani, aliliona alipoinua sahani ya maabara kwenye mwanga: doa jeupe, dogo kama punje ya ufuta, pembeni kabisa.

Sahani hiyo haikutakiwa kuota kitu. Aliweka humo bakteria wa kawaida, juu ya jeli yenye dawa ya kuua bakteria, ili wafe wote. Hapo ndipo angethibitisha kwamba wale wa sahani nyingine waliokoka kwa jeni aliyowapandikiza yeye. Doa moja tu, na majibu yote hayana maana.

Akakumbuka. Juzi, kwa haraka zake, alimimina dawa kabla jeli haijapoa. Joto liliila sehemu ya nguvu yake. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi aliingia na mwekezaji, mama wa makamo mwenye miwani minene. Mkononi mkurugenzi alishika bahasha yenye barua ya kumpa Mama Sahani ukuu wa maabara mpya.

"Ndiye huyu niliyekuambia," mkurugenzi alisema. "Dada, hebu mwonyeshe ile sahani tupu."

Kidole gumba cha Mama Sahani kilikuwa tayari kimelifunika doa. Hakukumbuka kukiweka hapo.

"Safi kabisa," mwekezaji alisema. "Una muda gani kwenye kazi hii?"

"Miaka kumi na mmoja, mama."

"Basi wewe ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Naomba niishike."

Akanyoosha mkono. Mama Sahani aliondoa kidole gumba.

"Kabla hujaishika, mama," alisema, "sogea kidogo huku kwenye mwanga."