Utepe wa Wageni

Namba ya kwanza kwenye utepe wa kupimia ilikuwa tatu. Sentimita mbili za mwanzo zilikuwa zimekatwa, kisha kibati cha ncha kikabanwa upya kwa ustadi wa fundi cherehani.

Fundi ni shemeji yangu. Kila Jumamosi tunapanga askari wa plastiki juu ya meza yake ya kukatia nguo, tunapigana vita vya mchezo; kila hatua na kila risasi hupimwa kwa sentimita. Yeye ana utepe wake. Wageni huwapa huu.

"Jirani, umepungukiwa tena," fundi alimcheka mgeni wa siku hiyo, ambaye risasi yake haikufika. "Jeshi lako lina matege?"

Jirani akaanza kurudisha askari wake kwenye boksi. "Labda mchezo huu si wangu."

Nilipouokota utepe wake, kibati kilinichoma kidole. Ninakula kwa shemeji, ninalala kwake.

"Hajapungukiwa," nilisema, sauti nyembamba kama uzi. Nikalaza tepe mbili sambamba, ncha zao zikilingana. Kumi na tano ya utepe wa wageni ikakaa kwenye kumi na tatu ya shemeji.

Kicheko kilikatika. Fundi aliushika mkasi, akauweka chini taratibu.

"Shemeji, niombe radhi mbele ya jirani. Ama leo hii ufungashe virago."

Sikuziondoa tepe mezani.

"Siombi."