Ushuhuda wa Marselino

Auleria alikuwa uani akichambua mchele aliposikia spika za kanisa zikisimulia jinsi mumewe alivyouawa.

Sauti ilikuwa ya kijana, na ilikuwa na raha. Ilieleza alfajiri ya Mbezi Luis, mwalimu aliyeshuka kwenye basi la Bukoba, kisu, begi. Ndani ya begi, ilisema, mlikuwa na kopo la senene aliokuwa anampelekea mkewe. "Tukawala njiani!" Waumini wakacheka, kisha wakakumbuka kusema haleluya.

Mchele ulimwagika wote mchangani.

Baada ya kumzika Ansbert, Auleria alihama Mbezi akaja kujenga vyumba viwili kwenye kiwanja chao cha Chanika, apumzike. Akapata jirani kanisa la mabati. Na sasa kanisa limemletea muuaji.

Jumapili iliyofuata aliingia mwenyewe, yeye Mkatoliki na rozari yake mkobani, akakaa nyuma. Kijana aliitwa Marselino, mwembamba, suti inamzidi mabega. Mchungaji Lusungu alikuwa anamtembeza jukwaani kama kombe la mpira.

"Jambazi limekombolewa! Simulia, mwanangu, shetani aaibike!"

Marselino akasimulia. Safari hii marehemu alikuwa na shati jeupe. Jumapili iliyopita spika zilisema la bluu. Auleria alikabidhiwa shati lile mochwari, na lilikuwa la kijani. Amemchoma mtu kisu kifuani, aliwaza, na hakujisumbua hata kutazama amevaa nini.

Alisimama. "Huyo mwalimu ni mume wangu."

Kipaza sauti kilimponyoka Marselino. Mchungaji ndiye aliyezinduka kwanza, na macho yalimng'aa.

"Mungu ni mkuu! Mama, njoo mbele umsamehe ndugu yako."

"Ndugu yangu? Nyie mnampigia makofi mtu aliyeniulia mume?"

"Damu ya Yesu imeshafuta faili lake, mama."

"Na la kwangu atalifuta nani?"

Wahudumu walimshika mikono, wakamtoa nje.

Tangu siku hiyo akawa adui wa mtaa. Anastasia, muumini aliyekuwa anamuuzia maji, alianza kumwambia yamekatika huku bomba linatiririka nyuma yake. Kila Jumapili spika zilimsema bila kumtaja: kuna mama jirani hapa, moyo wake jiwe, ataungua na chuki zake. Auleria naye hakuwa malaika. Alikuwa anapandisha redio mpaka mwisho wakati wa maombi, na akikutana na waumini njiani anatema mate.

Shemeji yake, Daniel, alimwambia waende polisi. "Tutaenda," alijibu, "lakini kwanza nataka nimwone anaogopa." Alimwona. Marselino alikuwa akimwona kwa mbali anavuka barabara. Jioni moja alifika hadi getini, akasimama pale kama mwenye haja.

"Shikamoo mama. Nina neno moja tu, mama yangu."

Alimmwagia maji ya vyombo, yenye ukoko na sabuni. Kijana akaondoka amelowa, na Auleria akala chakula chake cha usiku kwa hamu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Daniel. Kila akijaribu kumkumbuka Ansbert, ilimjia sura ya Marselino. Akifumba macho alione lile pengo la meno ya mumewe, aone anavyovaa miwani puani, anamwona kijana wa suti kubwa. Kwenye Baba Yetu alikuwa anaruka pale pa kuwasamehe waliotukosea, na mwishowe akaacha kusali kabisa. Mtu yule alikuwa amemuua Ansbert barabarani, sasa anamuua tena kichwani mwake. Hilo lilimtisha kuliko moto wa Mchungaji.

Alilia wiki nzima. Alibishana na Mungu kwa Kihaya, akamtukana, akamwomba radhi. Jumapili alivaa kitenge alichonunuliwa na Ansbert, akaingia kanisani bila kubisha hodi kwa mtu, akanyoosha moja kwa moja hadi mbele.

Mchungaji alitaka kuzungumza. Auleria alimnyang'anya kipaza sauti.

"Wewe kaa. Sikuja kwa ajili yako." Akamgeukia Marselino. "Nimekuombea kifo mchana na usiku. Sikupendi. Sitaki uje kwangu, sitaki salamu yako. Lakini nimechoka kukubeba. Kwa jina la Yesu aliyenikomboa hata mimi, nimekusamehe. Uliyomtendea Ansbert, nimekusamehe yote."

Kisha, jambo ambalo hakulipanga, alimkumbatia.

Na hapo Ansbert akarudi. Alimwona waziwazi, pengo, miwani na yote, anamcheka kwa upole kama alivyokuwa anamcheka akiunguza ndizi. Auleria alilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza kilio kile kilikuwa kitamu. Kanisa lote lilisimama, kinanda kikalia, Mchungaji akarukaruka na leso yake, na Anastasia wa maji akawa anagaagaa sakafuni.

Marselino hakuruka. Alikuwa bado mikononi mwa Auleria, jasho linampenya suti. Alimng'ang'ania zaidi, akasogeza mdomo sikioni mwake.

"Mama, mie sijawahi kuua mtu. Niliyasikia yote msibani kwenu, wakati wasifu wa marehemu unasomwa. Nilikuwa nimeleta viti."