Hapana ya Kwanza

Kwa miezi mitatu, akiwa na miaka sitini na mbili, Habarurema alijifunza Kiingereza kwa ajili ya siku hii moja ya posa.

Mzee wa Kizungu akasimama sebuleni, kijasho kikimtoka puani, akaomba binti kwa ajili ya mwanawe aliyeketi kando yake. Habarurema alielewa kila neno.

Kwao Masisi, baba hukataa kwanza. Hapo ndipo maneno hunoga, wageni wakabembeleza mpaka akubali.

"Hapana," akajibu kwa Kiingereza safi.

Mgeni akaweka soda chini, akachukua kofia, akamshika mwanawe mkono wakatoka.

"Mama, nimekosea neno gani?" Habarurema akamuuliza mkewe.

"Ulisema muzuri sana, papa," mkewe akamjibu.

Chumbani, binti alikuwa amekwisha kuvaa, anangoja kuitwa.