Mwani Uliooshwa

Kompyuta ilikataa tena kuliunda umbo la seli. Khairiya alizipanga upya picha za hadubini, akabonyeza, akangoja. Kuta za seli zikatokea zimepasuka, kama matumbo ya dagaa waliochacha.

"Subhanallah! Ugonjwa gani wa mwani unaopasua hivi?"

Mama yake, aliyeuleta mwani huo unaooza kutoka shambani kwake Micheweni ili upimwe, akashangaa. "Na nilivyouosha!"

"Uliuosha, mama? Kwa maji gani?"

"Ya kisima. N'kuletee uchafu kazini kwako, mwanangu?"

Khairiya akafumba macho. Maji ya kisima, yasiyo na chumvi, ndiyo yaliyozipasua seli, wala si ugonjwa. "Basi kaniletee mwengine, ndani ya maji yake ya bahari."

"Mwengine upi? Shamba zima lishaoza. Ulobaki ndio huo."