Pont ya Commandant Xavier

Nati moja tu ya gurudumu la nyuma ilikuwa imelegezwa kwa spana, na tayari Assani, mlinzi wa gereji, alikuwa ameelekeza bunduki kwenye mgongo wa fundi.

"Weka ile clé chini," alisema. "Chef hajasema."

Ni kweli, chef alikuwa hajasema. Tangu Commandant Xavier aichukue sehemu hii ya Bunia, hakuna kilichofunguliwa wala kufungwa bila sauti yake kupita kwenye motorola, ile redio ya mkononi ambayo kila kituo chake kilikuwa nayo. Maduka, makanisa, mazizi ya watu, vyote vilingoja sauti. Na amri ilitolewa kwa Kifaransa kwanza, kwa sababu utawala, alisema, hauwezi kuongea kama soko. Vijana wake walijikaza na maneno machache waliyookota shuleni kabla shule hazijageuzwa kambi.

Jeep yenyewe aliiazima kwa wazungu wa shirika fulani, siku moja walipokuwa wamelala kifudifudi na hawakupata nafasi ya kukataa. Sasa aliitaka ipite matope yote mpaka Iga Barrière, kwenye mkutano wa wakubwa, bila kusukumwa. Mara ya mwisho ilisukumwa mbele ya kanisa, na wamama wa kwaya walicheka. Vita vinaweza kushindwa kwa kicheko kama kile.

Basi vikaletwa vyuma kutoka Kampala, kwa njia ya Aru: gia mpya za pont, ndivyo mafundi wanavyoita ekseli na tumbo lake la gia, pamoja na blocage, kile chuma kinacholazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja, moja lisiteleze huku lenzake linatazama.

Fundi Nathanaël alikuwa ameomba jambo moja tu, kofia mkononi. Mke wake Emérance alikuwa amekwama kwenye daraja la Shari na mtoto wao mchanga, katikati ya umati uliokuwa unakimbilia Komanda. Daraja lilikuwa limefungwa. Walilala kwenye majani, mvua juu yao, na mtoto alikohoa mpaka maziwa yakarudi.

"Chef, sema tu neno moja, waache watu wapite kilalo ya Shari. Mutoto iko mugonjwa."

Commandant alimhurumia sana. Alimhurumia hata akamaliza kwanza paja la kuku.

"Jeep mbele," alijibu. "Ikipanda matope, nitafikiri juu ya bibi yako. Kama haipande, nitafikiri juu yako weye."

Kwa hiyo leo alikuwa nyumbani kwake, kwenye kiti chenye mito, motorola mapajani, akiilinda jeep yake kwa masikio.

"Mon commandant," Assani aliita, "fundi anaomba kufungua pont. Anasema gia iko ndani."

"Unafikiri mimi sijue gia iko wapi?" Alikohoa kidogo, maana amri haipiti kwenye koo chafu. "Ouvrez le pont! Fungueni pont!"

Haukupita muda, Assani akaita tena. Fundi alikuwa na wasiwasi asije mtu akaifunga pont kabla ya wakati. Gia mpya zinapakwa rangi kwenye meno, zinazungushwa, zinatazamwa zinaumana wapi, zinatolewa, zinawekewa kipande chembamba cha bati, zinarudishwa. Kazi ya kutwa. Ukifunga haraka, meno yanakulana.

Commandant hakuna alichopenda kama kupewa sababu ya kutoa amri nyingine.

"Le pont reste ouvert. Pont ibaki wazi! Mutu atakayeifunga bila sauti yangu, nitamufunga yeye."

Kisha sauti moja ya mbali ikaitika, "Oui, chef," na nyingine nyuma yake, "Oui, chef." Commandant akatabasamu. Hata wasiohusika walitii. Hiyo ndiyo raha ya jeshi lenye nidhamu.

Jua lilipoanza kuinama, Assani alileta habari kwamba blocage imeingia, na fundi anataka kuijaribu.

"Ataijaribu wapi?"

"Anasema matope ya muzuri iko barabara ya Shari."

Commandant alicheka. Daraja la huko lilikuwa lake, na askari wake. "Aende. Akifika kwenye maji, atageuka. Weye ubaki hapo ulinde zile gia za zamani. Huu muji umejaa wezi."

Akaoga, akavaa miwani ya jua, akatembea mpaka gereji. Jibu la fundi alikuwa nalo tayari: kwamba aliahidi kufikiri, na kufikiri kunataka muda. Alilirudia njiani na likazidi kumpendeza. Alimkuta Assani ameketi juu ya gia za zamani kama kuku juu ya mayai, bunduki magotini, na barabara tupu mbele yake.

Walingoja. Mwishowe Commandant akabonyeza motorola, akamwita sajini wa darajani.

"Fundi iko anakuja kwako na jeep yangu. Akifika, umugeuze."

"Amekwisha kupita, mon commandant," sajini akajibu, kwa sauti ya mtu anayenusa cheo kipya. "Pont, hii kilalo, iko wazi tangu asubuhi, kama uliamuru. Watu wote walivuka, ye njo alikuwa wa mwisho, akasimama ng'ambo kubeba bibi na mutoto. Sasa tunaweza kufunga?"